Shajara ya Ubao wa Vizibo: Namba Tasa, Vigawo na Vigawe kutoka 1 hadi 100

18 Januari 2025

Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Tano katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Tanga, na ninaweka kumbukumbu hii ili mwalimu mwingine atakayependa kuiga kazi yenyewe asirudie makosa yangu. Kila mwaka mada ya vigawo na vigawe hunikwamisha mahali palepale. Wanafunzi hukariri kwamba vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, hupata alama zao katika zoezi, na baada ya wiki mbili wakiulizwa vigawe vya 12, yaani 12, 24, 36 na kuendelea, huandika orodha ileile bila wasiwasi wowote.

Kusudio ni kutengeneza ubao wenye vyumba 100, kila chumba kikiwa na namba yake, na chini ya namba hiyo vizibo vya soda vilivyopakwa rangi. Rangi moja inasimama badala ya namba tasa moja, yaani namba yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, na ukizidisha vizibo vyote vya chumba unapata namba ya chumba hicho. Nyekundu ni 2, kijani ni 3, bluu ni 5 na nyeusi ni 7. Chumba cha 12, kwa mfano, kitakuwa na vizibo viwili vyekundu na kimoja cha kijani, kwa sababu 12 ni 2 × 2 × 3.

Kikwazo cha kwanza kilijitokeza kabla sijanunua chochote. Kati ya 1 na 100 kuna namba tasa 25, na rangi 25 zinazotofautiana vizuri hazipatikani katika duka lolote la hapa kwetu. Niliamua kwamba namba tasa zote kuanzia 11 zitumie kizibo cheupe kilichoandikwa namba yake kwa kalamu ya maka. Uamuzi huo, nilioufanya kwa kubana matumizi, umeleta faida ambayo sikuitarajia: hakuna chumba hata kimoja chenye vizibo viwili vyeupe. Zao dogo kabisa la vizibo viwili vyeupe ni 11 × 11, yaani 121, na namba hiyo iko nje ya ubao.

1 Februari 2025

Kabla ya kukata mbao tulichora ubao kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, tukaendesha chekeche la Eratosthenes, yule mtaalamu aliyezaliwa Kirene, katika Libya ya leo, na kusimamia maktaba ya Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Hatua zenyewe zinajulikana: 1 huwekwa kando, kisha hufutwa vigawe vya 2 isipokuwa 2 yenyewe, halafu vya 3, vya 5 na vya 7, na zinazobaki ni namba tasa.

Swali lililotuchukulia muda ni la upana. Nilitaka safu 10, kwa kuwa ndizo zinazofanana na chati ya mia wanayoijua tangu madarasa ya chini. Mwalimu mwenzangu alishauri safu 6, akisema kwamba zinapendeza zaidi. Tulizijaribu zote mbili. Kwenye safu 6 namba tasa zote zinazozidi 3 huangukia katika safu mbili tu, ile ya 1 na ile ya 5, na ukizitazama kwa mbali utadhani mtu amezipanga kwa makusudi. Hata hivyo uzuri huo ulituponza, kwani wanafunzi walihitimisha mara moja kwamba kila namba iliyo katika safu hizo mbili ni tasa. Tulizihesabu pamoja: safu hizo zina namba 33 hadi 100, na tasa ni 23 tu. Zilizobaki ni 1, 25, 35, 49, 55, 65, 77, 85, 91 na 95. Namba 91 ndiyo iliyozua mabishano makali, kwa sababu ina sura ya namba tasa kuliko hata namba tasa zenyewe, mpaka binti mmoja alipogawa kwa 7 na kupata 13.

Nimebaki na safu 10. Safu 6 tutaendelea kuzichora kwa chaki pale tunapozihitaji.

15 Februari 2025

Nilinunua plaiwudi ya milimita 9, nusu yake ikakatwa kuwa ubao wa sentimita 122 kwa 122, na fundi akaweka fremu. Kila chumba kina sentimita 12 kwa 12. Kizibo kina upana wa takriban sentimita 3, hivyo vizibo sita hukaa katika mistari miwili ya vitatu vitatu, na juu yake hubaki nafasi ya kuandika namba. Sita ndiyo idadi kubwa inayohitajika hadi 100, nayo inapatikana katika vyumba viwili tu: 64, ambayo ni 2 kuzidishwa kwa yenyewe mara sita, na 96, ambayo ni 2 mara tano na 3 mara moja.

Rangi ya mafuta iligoma kushika kwenye chapa ya kizibo. Baada ya kusugua kwa msasa ilishika vizuri.

8 Machi 2025

Leo nimefanya kosa ambalo mwalimu wa Hisabati hapaswi kulifanya, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonifundisha thamani ya ubao huu.

Nilikuwa nimekadiria vizibo kwa njia iliyoonekana kuwa sahihi. Namba shufwa, yaani zinazogawanyika kwa 2, hadi 100 ziko 50, basi vizibo vyekundu vitakuwa 50. Vigawe vya 3 viko 33, vigawe vya 5 viko 20, vigawe vya 7 viko 14, na nikaendelea hivyo hadi 97. Jumla ikawa vizibo 171, nikavipaka vyote. Asubuhi tulianza kuvipanga kuanzia chumba cha 2 bila kuvibandika, wanafunzi wanne wakiwa wamepiga magoti kuuzunguka ubao. Kazi ilikwenda vizuri hadi 54. Tulipofika 56, ambayo inadai vizibo vyekundu vitatu na cheusi kimoja, bakuli la vyekundu lilikuwa tupu.

Niliangalia chini ya meza, nikamuuliza kila mmoja kama amekalia kizibo, na nusura niwashuku watoto wa watu. Kisha mvulana aliyekuwa akipanga alisema, "Mwalimu, 32 peke yake imekula vitano." Hapo ndipo nilipoelewa. Nilihesabu namba zinazogawanyika kwa 2, ilhali ubao unauliza kila namba inagawanyika kwa 2 mara ngapi. Namba 4 inachukua vizibo viwili, 8 vitatu, 64 sita.

Hesabu sahihi tuliifanya ubaoni darasani. Vigawe vya 2 ni 50, na kila kimoja kinapata kizibo kimoja. Vigawe vya 4 ni 25, navyo vinaongezewa kizibo cha pili. Vigawe vya 8 ni 12, vya 16 ni 6, vya 32 ni 3, na cha 64 ni 1. Jumla ni 97, karibu mara mbili ya makadirio yangu. Kwa njia hiyohiyo vizibo vya 3 ni 33 + 11 + 3 + 1 = 48, vya 5 ni 20 + 4 = 24, na vya 7 ni 14 + 2 = 16. Vyeupe havikubadilika, kwa sababu mraba wa 11 umeshapita 100. Vilikuwa 54 na vimebaki 54. Ubao mzima unahitaji vizibo 239, na nilikuwa nimepungukiwa na 68.

Kuvipata hivyo 68 hakukuwa rahisi. Tuko ndani ya Ramadhani, mchana vibanda vingi vya soda vimefungwa, na muuza duka aliyezoea kunijazia mfuko alinijibu, "Mwalimu, subiri Idi." Hatimaye nilivipata kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi.

15 Machi 2025

Vizibo vimetimia, na kabla ya kuvibandika nimelitumia juma hili kufundishia vikiwa bado huru.

Maneno shufwa na witiri mwaka huu hayakunipa taabu, kwa sababu wanafunzi wengi wanatoka tarawehe kila usiku na wanajua kwamba swala ya witiri ina rakaa zisizogawanyika kwa mbili. Waliotatizika ni wale wasioswali, nao wakafafanuliwa na wenzao kabla yangu.

Neno tasa lilileta mjadala wa aina nyingine. Mwanafunzi ambaye kwao wanafuga mbuzi aliuliza inakuwaje namba iitwe tasa ilhali ndiyo inayozaa nyingine zote, kwani kila chumba ubaoni kimejengwa kwa hizo hizo zinazodaiwa kutozaa. Nilimjibu kwamba jina linatazama upande wa kugawanya, ambako namba tasa haitoi kitu kipya, lakini nakiri kwamba kwa upande wa kuzidisha jina hilo limezionea.

Chumba cha 1 kimeachwa bila kizibo, na wengi walitaka kukiwekea chochote, japo cheupe kilichoandikwa 1. Niliwaruhusu wajaribu. Walipokiweka, mmoja akasema kwamba basi na 12 iongezewe kizibo cha 1, kwa kuwa 1 × 2 × 2 × 3 bado ni 12. Mwingine akaongeza cha pili, na wa tatu akaongeza cha tatu, hadi chumba kikafurika na namba ikawa ileile. Walikiondoa wenyewe. Walioiita 1 namba tasa hawakuwa wajinga: mwanahisabati Goldbach aliihesabu hivyo katika barua yake kwa mwenzake Euler mwaka 1742, na orodha ya namba tasa aliyoichapisha mwanahisabati D. N. Lehmer mwaka 1914 bado ilianza na 1. Kwa namba 1 ndani ya kundi hilo, hata hivyo, hakuna namba ambayo ingekuwa na fungu moja tu la vigawo tasa, na ubao kama huu usingewezekana.

Juma hili pia niligundua kwamba mwanafunzi mmoja hatofautishi nyekundu na kijani. Alikuwa akipanga kwa kubahatisha na kunyamaza. Vizibo vyote 48 vya kijani vimepakwa upya rangi ya njano, na kila kizibo, hata chenye rangi, sasa kimeandikwa namba yake. Anayeiga kazi hii aanze hivyo tangu siku ya kwanza.

29 Machi 2025

Vizibo vilibandikwa kwa gundi ya mbao tarehe 16. Mvua za masika zilipoanza kushika kasi, unyevunyevu ukaingia darasani, na juzi asubuhi tulikuta vizibo zaidi ya 40 sakafuni. Gundi hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mbao na mbao; mdomo wa kizibo wenye meno hauipi mahali pa kushika.

5 Aprili 2025

Tumehamia kwenye misumari. Nilinunua ya inchi moja bila kufikiri, na baada ya vizibo kumi fundi aliyekuwa akipita alinionyesha nyuma ya ubao, ambako ncha zilikuwa zimetokeza kama miiba ya nungunungu. Kizibo kina kimo cha kiasi cha milimita 6 na plaiwudi milimita 9, hivyo msumari wa milimita 25 lazima utoke kwa takriban sentimita moja. Ya nusu inchi ndiyo inayofaa. Tulitoboa vizibo kwanza kwa msumari mnene juu ya gogo, kisha tukavigongelea kimoja kimoja, na siku nzima ikaisha. Havitikisiki.

12 Aprili 2025

Ubao ulipotundikwa niliandika juu yake, kwa herufi kubwa za rangi nyeupe, mfano wa kuwaongoza wanafunzi: VIGAWE VYA 12 NI 1, 2, 3, 4, 6, 12. Ulikaa siku tano. Walimu walipita, wazazi waliokuja kwenye kikao walipita, mimi nilipita mara nyingi zaidi ya wote, na hakuna aliyesema neno. Aliyeligundua kosa ni mwanafunzi wa Darasa la Saba aliyetumwa kuazima chaki.

Sikulifuta mara moja, nililitumia. Maneno haya mawili yanatofautiana kwa irabu moja ya mwisho, na irabu hiyo ndiyo yenye maana yote. Kizibo ni kile kinachoziba. Kifuniko hufunika, na kipimo hupimia. Kwa mtindo huohuo kigawo ni kile kinachogawa: 3 ni kigawo cha 12 kwa sababu 3 inaigawa 12 bila kubakiza. Upande wa pili, kiumbe hakiumbi, bali kimeumbwa. Mtume ametumwa, na mteule ameteuliwa. Basi kigawe hakigawi, bali kinagawanywa: 36 ni kigawe cha 12 kwa sababu 36 inagawanywa na 12 bila kubakiza. Miaka yote nilikuwa nikiwafundisha wakariri kwamba "vigawo ni vidogo, vigawe ni vikubwa", kanuni inayovunjika mara tu unapofika kwenye 12 yenyewe, ambayo ni kigawo chake na kigawe chake kwa pamoja. Sasa ninawaambia washike kizibo mkononi na kukiuliza kinafanya nini.

Tatizo la pili la juma hili lilisababishwa na ubao wenyewe. Nilipouliza vigawo vya 12, karibu nusu ya darasa iliandika 2, 2, 3, kwa kuwa ndivyo walivyoviona. Ubao unaonyesha vigawo tasa tu, na mimi sikuwa nimewatahadharisha. Dawa niliyoipata ni kuwapa vizibo vitatu vya 12 mkononi na kuwaambia wachague vyovyote wapendavyo, wazidishe, na waandike jibu. Ukichukua kimoja chekundu unapata 2, ukichukua viwili unapata 4, cha njano peke yake ni 3, chekundu na njano ni 6, vyote ni 12. Usipochukua chochote unabaki na 1, na hapo chumba kitupu cha 1 kikapata maana. Baadaye waliona wenyewe kwamba idadi inaweza kuhesabiwa bila kuorodhesha: vyekundu vya 12 vinachaguliwa kwa njia tatu (hakuna, kimoja, viwili), vya njano kwa njia mbili, na 3 × 2 ni vigawo 6. Kwa 60 ni 3 × 2 × 2 = 12. Kwa 36 ni 3 × 3 = 9, idadi ya witiri, na hilo likatufikisha kwenye namba za mraba, ambazo peke yake ndizo zenye idadi witiri ya vigawo. Sikuwa nimepanga kufika huko mwaka huu.

17 Mei 2025

Idi ilileta vizibo kwa wingi, na tumetengeneza vifuko 8 vya vizibo huru, kila kimoja kikiwa na vyekundu 8, vya njano 6, vya bluu 4 na vyeusi 2. Vinatumika kwa Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS), yaani kigawo kikubwa kuliko vyote ambacho namba mbili zinacho kwa pamoja, na Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), yaani kigawe kidogo kuliko vyote ambacho zinacho kwa pamoja.

Jaribio la kwanza lilikuwa 36 na 60, nalo halikufanikiwa. Wanafunzi walitazama rangi wakaona kwamba namba zote mbili zina nyekundu na njano, wakaandika KKS ni 2 × 3 = 6. Kwa KDS walizidisha vizibo vyote na kupata 2160. Kosa la kwanza ni lile langu la tarehe 8 Machi likiwa limevaa nguo nyingine: waliangalia kama rangi ipo, hawakuangalia ipo mara ngapi.

Tulibadilisha utaratibu. Vizibo vya 36 hupangwa kwenye mstari wa juu, vya 60 mstari wa chini, na kila kizibo cha juu hutafutiwa mwenzake wa chini wa rangi ileile. Zikapatikana jozi tatu: nyekundu, nyekundu na njano. Kizibo kimoja kutoka kila jozi kinatoa KKS, yaani 2 × 2 × 3 = 12. Kisha vile vizibo vya chini vilivyopata wenza huondolewa, maana kazi yao inafanywa na wenzao wa juu, na vinavyobaki mezani huzidishwa vyote: 2 × 2 × 3 × 3 × 5 = 180. Kuona kizibo kikiondolewa kwa mkono kumewasaidia kuliko maelezo yangu yote ya miaka iliyopita. Mmoja aliuliza vile vilivyoondolewa vina thamani gani. Ni 12, na 180 × 12 inarudi kuwa 2160.

Swali la dawa liliingia kwa urahisi baada ya hapo. Mgonjwa anameza dawa moja kila baada ya saa 6 na nyingine kila baada ya saa 8, na ameanza zote saa 12 asubuhi; atazimeza tena kwa pamoja baada ya saa ngapi? Kabla ya vizibo, jibu la kawaida lilikuwa saa 48, yaani kesho kutwa. Sasa waliondoa jozi moja nyekundu wakapata 24, kisha wakahakiki kwa kuhesabu: ya kwanza saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku, ya pili saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, na zote mbili zinakutana saa 12 asubuhi ya kesho.

31 Mei 2025

Gharama zote, kwa shilingi za Tanzania: plaiwudi 38,000, fundi na fremu 10,000, makopo madogo matano ya rangi 22,500, na la sita la njano 4,500, brashi mbili 3,000, msasa 2,000, gundi 6,000, misumari ya inchi moja 1,500, misumari ya nusu inchi 3,500, kalamu mbili za maka 3,000. Jumla ni 94,000. Gundi, misumari mirefu na rangi ya kijani havikuhitajika, kwa hiyo anayeanza leo anaweza kuokoa 12,000.

Nusu ya plaiwudi iliyobaki tumeikusudia kwa ubao wa 101 hadi 200. Vyumba vyake vitahitaji nafasi ya vizibo saba, kwa sababu ya 128 na 192, na 121 itakuwa ya kwanza kuwa na vyeupe viwili. Safari hii hesabu ya vizibo imefanyika kabla ya kupaka rangi: vyekundu 100, vya njano 49, vya bluu 25, vyeusi 16 na vyeupe 83. Wanafunzi waliona mara moja kwamba idadi nne za kwanza zote ni namba za mraba, wakataka sababu. Niliwaambia ni sadfa. Yule mvulana wa 32 hajakubali, na amekwenda kuhesabu vya 201 hadi 300.